Kaluki na Misandali ya Iviani

Mwaka wa 1984, mbuzi wa Kyuso walipofikia kutafuna makaratasi sokoni, mbuzi wa Kaluki walikuwa bado wanakamuliwa. Hayakuwa maziwa mengi, kikombe kimoja kwa mbuzi watatu, lakini majirani waliyaona. Wengine walisema ana dawa. Wengine walisema anawaachilia usiku kwenye malisho ya watu. Ukweli ni kwamba kila asubuhi alipanda nao kilima cha Iviani, mwendo wa saa nzima wa mawe na miiba, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingepeleka mifugo mwaka ule, maana ukikitazama kilima kutoka chini uliona rangi moja tu, ya majivu.

Ukipanda mpaka karibu na kilele ndipo ulipoona. Katikati ya vichaka vilivyokauka, huku na huku, kulikuwa na miti mifupi iliyobaki kijani. Si kijani cha mvua. Kilikuwa kijani cha kufifia, kinachoelekea samawati, kama jani limepakwa vumbi. Jani lenyewe lilikuwa nene kama ngozi, na mwishoni lilikuwa na ncha ya kuchoma kidole. Wakamba huuita mti huo kithawa. Kina mama wa zamani walichemsha mizizi yake wakapata maji mekundu ya kutia kwenye supu ya mzazi. Kaluki aliujua kwa jina tangu utotoni, kama unavyomjua jirani ambaye hujawahi kuingia kwake. Ukame ndio uliomfanya auangalie sawasawa.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Mumewe, Kilonzo, alifariki mwaka wa 1978, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Mulei, shamba la ndengu na mtama huko chini, na kile kipande cha kilima ambacho ukoo ulimpa Kilonzo kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kilonzo alipozikwa, baadhi ya wazee wa ukoo walikutana wakasema mwanamke mwenye mtoto mmoja hawezi kuachiwa ardhi yote hiyo. Aliyesimama kumtetea alikuwa mdogo wake Kilonzo, Jonah Kivuva, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Jonah aliwaambia kwamba anayetaka ardhi ya Kaluki aanze kwanza na ya Jonah mwenyewe. Habari ile ikaishia hapo.

Jonah huyo huyo alipofungua darasa la ngumbaru kanisani, Kaluki alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Vidole vyake vilikuwa vimezoea jembe, na kalamu ilimponyoka kila mara. Jonah alimshika mkono, akaongoza herufi moja baada ya nyingine, mpaka siku Kaluki alipoandika jina lake peke yake kwenye ubao. Tangu hapo aliweza kusoma Biblia ya Kikamba polepole, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Kiingereza hakukijua. Kwa Kiingereza alimtegemea Jonah.

Basi huko juu Iviani, mbuzi wakila, Kaluki hakuwa na kazi nyingine ila kutazama. Kwanza aligundua kwamba kithawa hakisimami peke yake. Kila mmoja ulikuwa umeegemea mwenzake: mgunga, kichaka cha miiba, hata nyasi ngumu za mawe. Kwenye uwanda mtupu hakuukuta hata mmoja. Mwaka uliofuata, mgunga mmoja uliokuwa umekufa kwa kiangazi ulianguka, na kithawa kilichokuwa kando yake kikaanza kupukutika majani, huku mvua inanyesha. Kaluki alichukua jembe akachimba kati ya ile miti miwili. Alikuta mzizi mwembamba wa kithawa umekumbatia mzizi wa mgunga, umebana pale kama mdomo wa mtoto kwenye titi. Alikaa chini akautazama kwa muda mrefu. Halafu alifukia, akaenda kuwatafuta mbuzi.

Alijaribu kuuotesha nyumbani. Alipanda mbegu kwenye mikebe ya mafuta ya Kimbo, moja moja, kwa usafi, akipalilia kila kilichochomoza pembeni. Miche ilifika urefu wa kidole, ikawa manjano, ikafa. Mara ya pili ikafa. Mara ya tatu aliuguza mkwe wa jirani wiki mbili akasahau kupalilia, na mkebe mmoja ulioshikwa na magugu ndio uliokuwa na mche mzima. Kuanzia siku hiyo alipanda kila mbegu pamoja na mmea mwingine, na karibu yote ilishika. Akajua pia kwamba si kila mti huzaa. Kuna inayotoa vitunda vidogo vyekundu, na kuna inayotoa maua tu miaka yote. Mike na midume. Hakuna mtu aliyemfundisha, na hakuna aliyemuuliza.

Jina la pili la mti huo alipewa na Qamar. Qamar alikuwa mke wa Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuja na jamaa zake kutoka kaskazini mashariki, akakaa Kyuso mpaka watoto wake wakakijua Kikamba kuliko wengi wetu. Siku moja Kaluki alimpelekea beberu, na kwenye mfuko wake alikuwa na kipande cha mzizi mkavu. Qamar alikivuta puani, akafunga macho. Alikwenda ndani akaleta kikopo cha ubani, akamnusisha Kaluki. Harufu ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

"Huu ni msandali, mama," Qamar alisema. "Kwetu mwanamke akiolewa nguo zake hufukizwa kwa huu."

Ahmednur alikuwa amekaa mlangoni, anasikia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza mti uko wapi, na kabla Kaluki hajajibu alimwinulia mkono.

"Usiniambie," alisema. "Usimwambie mtu yeyote. Mti huu haukatwi, mama, unang'olewa, kwa sababu harufu iko chini. Nimepita mahali palipokuwa nao. Siku hizi hapana kitu."

Kaluki alirudi nyumbani akicheka kidogo. Aliona ni ajabu kwamba mgeni ndiye anayemwonya kuhusu kilima chake. Jumapili ile, baada ya ibada, alimsimulia Jonah yote, kama alivyomsimulia kila kitu. Alimwambia kuhusu ubani, kuhusu mizizi inayonyonyana, kuhusu mike na midume. Jonah alisikiliza kwa makini kuliko siku zote. Kaluki alifurahi. Alifikiri hatimaye kuna mtu anayeona alichokiona yeye.

Mwaka wa 1988 Jonah alikuja na pendekezo. Alisema mti kama huo unastahili kulindwa, na serikali hailindi kitu kisichohesabiwa. Wapande wote wawili, wakati wa kiangazi, wautafute mti mmoja mmoja na kuufunga alama, naye aandike kwenye daftari. Baadaye shule ingefanya kitalu cha miche, na Kaluki angewaonyesha watoto jinsi ya kupanda. Kaluki alipenda sana hilo la kitalu. Alichana magunia ya unga kwa vitambaa vyeupe vya midume, na kwa mike akachana leso yake nyekundu, ambayo bado ilikuwa na rangi.

Walifanya kazi hiyo viangazi vitatu. Kaluki alitangulia, Jonah akafuata nyuma na daftari, amevaa viatu vya shule, anajifuta jasho. Kaluki alikuwa anamwonyesha: tazama jani, shika unene wake, ona ncha, ona ulivyosimama karibu na mwenzake. Jonah alikuwa anaitikia, "Ndiyo, shemeji," akaandika. Kaluki aliona ameelewa. Lakini Jonah akionyeshwa jani hakuligusa mara nyingi. Kitambaa kikishafungwa aliandika namba, akauliza unaofuata uko wapi. Walipomaliza walikuwa wamefunga miti mia mbili na kumi na miwili, upande wa magharibi na upande wa mashariki, na kilima kilionekana kama kimeanikwa nguo.

Agosti ya mwaka wa 1991 Jonah alikuja na karatasi. Ilikuwa baada ya ibada, Kaluki ameshaandaa isyo ya mahindi na maharagwe, na chai. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, kwa Kiingereza, na chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi.

"Inasema nini?" Kaluki aliuliza.

Jonah alivaa miwani. Alisoma polepole kwa Kikamba, kidole kikifuata mistari. Inasema kwamba mwenye kilima cha Iviani, Kaluki Kilonzo, anakubali miti ya kithawa iliyoko huko iandikwe na ilindwe, na asiingie mtu kuikata isipokuwa kwa ruhusa yake.

Kaluki alimwomba asome tena. Si kwamba alikuwa na shaka. Ilimpendeza kusikia jina lake na jina la mti katika karatasi moja. Jonah alisoma tena, maneno yale yale, bila kukosea hata moja. Kaluki alichukua kalamu akaandika jina lake kwa herufi zile alizofundishwa, wino haukumwagika, naye Jonah akamsifu kwamba mwandiko umetengenea.

Novemba Mulei alipata mtoto wa kwanza. Alikuwa anafanya kazi Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, akiziba pancha za malori, na alimtumia mama yake ujumbe kwamba aje. Kaluki alimwachia jirani yake Mutindi mbuzi, akaenda. Alikaa wiki mbili, akimwosha mjukuu na kumpikia mkwe uji. Mvua ilianza akiwa huko. Aliporudi Kyuso, nchi yote ilikuwa imegeuka, ndengu zimeota, kilima kimefunikwa kijani toka chini hadi juu.

Mutindi alimpokea barabarani. Hakumpa mkono. Alimwambia tu, "Panda ukaone, mimi siwezi kukueleza."

Kabla hajafika juu Kaluki alisikia chuma kikigonga jiwe. Upande wa magharibi wote ulikuwa umefukuliwa. Kila palipokuwa na kithawa palikuwa na shimo la kumfika mtu kiunoni, udongo mwekundu umerundikwa kando, na mgunga au kichaka kilichokuwa jirani kimelala ubavuni na mizizi yake nje, kwa kuwa hakuna aliyeweza kung'oa mmoja bila kumuumiza mwenziwe. Harufu ilikuwa kali. Ilikuwa harufu ile ya kikopo cha Qamar, lakini imezagaa kilima kizima. Vitambaa vyake vilikuwa vimetupwa matopeni, vyeupe na vyekundu.

Kulikuwa na wanaume kama kumi na wawili, wenye mitaimbo na sururu, wageni wote. Msimamizi wao alikuwa mtu wa heshima. Kaluki alipowauliza nani amewaruhusu, alimvulia kofia, akatoa karatasi kwenye bahasha ya plastiki.

"Mama, si wewe uliyetia sahihi?"

Kaluki alitazama. Lilikuwa jina lake, mwandiko wake, lile K lenye mguu mrefu. Msimamizi alikuwa na nakala mbili, akampa moja bila ugomvi.

Alishuka nayo moja kwa moja mpaka zahanati, kwa muuguzi Nthenya, aliyejua Kiingereza na hakuwa wa ukoo wake. Nthenya alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Alinawa mikono, akasoma kimya kwanza, halafu akamtazama Kaluki, akauliza kama kweli anataka asomewe hapo hapo mbele ya wagonjwa. Kaluki alisema ndiyo. Karatasi ilisema kwamba mwenye kilima anauza misandali yote, pamoja na mizizi yake, kama ilivyowekewa alama, na kwamba malipo na maamuzi yote yatapitia kwa mwakilishi wake, Jonah Kivuva. Hapakuwa na neno la kulinda. Wala hapakuwa na ruhusa ya mtu. Maneno yote aliyosomewa siku ile, mara mbili, mezani kwake, hayakuwako.

Kaluki hakulia. Alisema baadaye kwamba kitu cha kwanza alichofikiri ni jinsi Jonah alivyosoma mara ya pili bila kukosea. Mtu akitunga uongo papo kwa papo, akiulizwa tena hubabaika. Jonah hakubabaika. Alikuwa amejifunza maneno yale nyumbani, kama anavyojifunza somo kabla ya kuingia darasani.

Alimkuta Jonah uani kwake, anasahihisha madaftari ya watoto. Jonah alipoona karatasi mkononi mwake aliweka kalamu chini.

"Keti, shemeji," alisema.

"Nitasimama."

Jonah alianza kwa mbali. Alisema kilima kile hakijawahi kumlisha mtu. Alisema ana watoto wanne shuleni, na kwamba Kaluki mwenyewe angepata sehemu yake, alikuwa amemtengea, alikuwa anangoja wakati mzuri wa kumweleza. Kaluki alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua," Kaluki alisema.

Jonah aliishika tena kalamu yake. Mkewe alitokea mlangoni pa jikoni, akawatazama wote wawili, akarudi ndani. Kaluki alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso, akaondoka.

Alifika pia kwa chifu. Chifu alisoma, akasema karatasi ni karatasi, sahihi ni yake, na mambo ya shemeji kwa shemeji huzungumzwa nyumbani. Kesho yake alikuwa na mkutano mahali pengine.

Alfajiri Kaluki alimwamsha Mutindi. Upande wa mashariki wachimbaji walikuwa hawajaugusa. Wanawake hao wawili walizunguka kwa njia ya mbuzi, wakafika kabla ya jua kupata nguvu, wakaanza kufungua vitambaa. Mafundo yalikuwa yamekazwa na mvua na jua za miaka mitatu. Mengine waliyakata kwa panga, mengine Kaluki aliyafungua kwa meno. Kila kitambaa alikitia kwenye kikapu, chini ya kuni. Mutindi alikuwa anamuuliza ni upi, naye hakuwa anatafuta, alikwenda moja kwa moja kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Waliposikia sauti za wachimbaji wakivuka kilele walikuwa wamefungua arobaini na moja. Iliyobaki, karibu thelathini, ilikuwa huku karibu na kilele, na iling'olewa siku ile mbele ya macho yao.

Wachimbaji walipoishusha mitaimbo na kutafuta kitambaa kinachofuata, hapakuwa na kitambaa. Kulikuwa na kilima kilichonyeshewa. Kila kichaka kilikuwa na majani, kila jani linametameta maji. Mti ambao kiangazi ungeuona kutoka barabarani sasa ulikuwa umepotea katikati ya miti, na hawa walikuwa watu wa mahali pengine, walichojua ni kung'oa penye alama. Msimamizi alituma mtu akamwite mwalimu.

Jonah alifika mchana, na daftari lake. Daftari lilikuwa na namba na rangi, mwekundu, mweupe, mweupe, lakini hakuandika ni wapi, kwa kuwa vitambaa vilikuwa vinamwonyesha. Alitembea huku na huku kwenye mteremko, akavunja tawi hapa, akanusa jani pale. Mwishowe aliwaonyesha mti mmoja wenye majani mazito. Wanaume sita waliuchimba mpaka jua likaelekea kushuka. Walipokata mzizi haukuwa na harufu yoyote, ila ya udongo.

Hapo Jonah alikuja mpaka alipokuwa amekaa Kaluki, juu ya jiwe, kikapu kando yake. Alikuwa amechoka, viatu vimejaa tope. Alijishikiza kwenye mti uliokuwa hapo ili apumue.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie, "nimeshapokea pesa za watu. Nionyeshe iliyobaki tu, yaishe."

Kaluki alitazama mkono wake. Ulikuwa umeshika shina la kithawa, dume, lile la kumi na tisa katika hesabu yao, na majani yalikuwa yanamgusa shavuni. Alikuwa amemwonyesha mti ule mwenyewe, akamwambia ashike jani. Miaka mitatu alitembea nyuma yake, na hakuwa ameuona hata mmoja. Hilo, Kaluki alimwambia Mutindi jioni, lilimuuma kama ile karatasi, pengine zaidi. Alikuwa amefikiri walikuwa wawili.

"Wewe ndiye mwenye daftari," alimjibu.

Jonah aliuachia mti, akaondoka. Wachimbaji walikaa siku mbili zaidi, wakachimba kwa kubahatisha, wakapata miwili. Siku ya tatu lori lilipakiwa mizizi, juu wakaifunika kwa magunia ya makaa, likaondoka kwa njia ya kusini. Mulei alipokuja Desemba alisimulia kwamba lori moja la makaa lilipata pancha Kambu, naye akaliziba, na wenzake wote walishangaa makaa gani hayo yanayonukia kama bibi harusi. Alisimulia kama jambo la kuchekesha. Mama yake alimweleza, na Mulei akaacha chakula.

Mulei alitaka kwenda kwa baba yake mdogo na watu. Kaluki alimkataza. Alisema miti haitarudi kwa kumpiga mtu, na kwamba yeye bado ataishi hapa Mulei akisharudi Kambu.

Mvua zilipokwisha na majani mengine kupukutika, ile thelathini na tisa iliyobaki ilijitokeza tena. Kaluki aliizungukia yote. Katika haraka ya asubuhi ile hakuwa amechagua, alifungua kilichokuwa karibu, na sasa aliona kwamba mike ilikuwa mitano peke yake, mmoja wao mzee sana. Mike mingi ilipenda upande wa magharibi, kwenye kivuli cha asubuhi, na huko kulikuwa na mashimo.

Mwaka wa 1993 Jonah alisimama kanisani, siku ya toba, akakiri mbele ya wote kwamba alimkosea mke wa kaka yake. Hakusema kosa gani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mchungaji alimwita Kaluki mbele. Kanisa zima lilikuwa linangoja, wengine wameshaanza kufuta machozi. Kaluki alikwenda, akasema, "Nimesikia," akampa Jonah mkono, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Walipiga makofi, wakaimba.

Watu walipotoka nje alimfuata Jonah kando ya ukuta, mkewe akiwa hapo. Alifungua pindo la leso, akatoa ile karatasi. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

"Nisomee," alisema. "Kama ilivyo."

Jonah alitazama huku na huku. Kisha alivaa miwani akasoma, kwa Kikamba, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho, mpaka jina la Kaluki, mpaka tarehe. Kaluki aliposikia amemaliza alichukua karatasi yake, akamuaga mke wa Jonah kwa heshima, akaenda nyumbani. Hawakuzungumza tena ila salamu. Kwenye ibada Jonah aliendelea kukaa mbele na wazee. Kaluki alihamia upande ule mwingine, karibu na dirisha.

Hata hivyo aliyelipia kosa lile mwishowe hakuwa Jonah. Mwaka wa 1996, Septemba, kiangazi kikali, alikuja msichana mmoja na baiskeli ya kuazima. Jina lake Mbinya, mzaliwa wa Malili, na kazi yake ilikuwa kukusanya mimea na kuikausha kwa ajili ya watafiti Nairobi. Nthenya wa zahanati alikuwa amemwelekeza kwa Kaluki. Alisalimia vizuri, kwa Kikamba safi, akakubali kuketi kwenye kigoda. Alitoa gazeti lililokunjwa, na ndani yake palikuwa na tawi lililobanwa likakauka.

"Mwaitu, mama yangu, mti huu unaujua?"

Kaluki alishika tawi. Jani lilikuwa limepoteza samawati yake, lakini ncha bado ilichoma. Lilikuwa la dume; vishada vya maua vilikuwa bado vimeshikilia. Alimrudishia.

"Siujui."

Mbinya hakukata tamaa. Alieleza kwamba misandali inazidi kuadimika, na kwamba wao wakijaribu kuiotesha Nairobi inakufa, hawajajua sababu. Alisema wanashuku kwamba inataka kuota na jirani fulani, lakini ni jirani gani, mti au nyasi, wakati gani, hakuna anayeweza kuwaambia. Kama kuna mzee au mama ambaye amewahi kuitazama kwa karibu, huyo ndiye anayemtafuta.

Lilikuwa swali lile lile. Kaluki alikuwa amelingoja tangu ile siku ya jembe, miaka zaidi ya kumi, bila kujua kwamba analingoja. Jibu lilikuwa mdomoni. Alimtazama msichana: uso mwaminifu, vumbi kwenye nyusi, kalamu imeshatolewa na daftari limefunguliwa magotini.

"Huku kwetu haupo," alisema. "Labda uliwahi kuwepo."

Alimpa uji, kibuyu kizima, akamwongezea. Mbinya alikunywa, akashukuru, akauliza kama anaweza kupanda kilimani mwenyewe ajaribu bahati yake. Kaluki alisema atamsindikiza, jua ni kali na kuna nyoka. Alimpitisha upande wa magharibi, penye mashimo. Walitembea pamoja mpaka saa tisa, wakiongea kuhusu ndugu wa Mbinya huko Malili na bei ya ndengu, kisha akamshusha kwa njia ile ile mpaka baiskeli ilipokuwa. Mbinya alimshika mikono yote miwili akamuaga. Kaluki alisimama barabarani mpaka alipomwona amepita soko, halafu akapanda tena, peke yake, kwenda kuwatazama mbuzi upande wa mashariki.